Jina Linakuja Husna Sadalla

Mimi nina wivu, na sioni sababu ya kulizungukia hilo. Tangu nimeolewa na Awadhi, simu yake naipekua. Akienda kuswali magharibi, msikiti wa jirani hapa Gerezani, huiacha mezani ikichaji, na namba yake ya siri ninayo, maana ni mwaka aliozaliwa mama yake na hajawahi kuwa na akili ya kuibadilisha. Nasoma kila kitu. Ujumbe niliokuwa naupenda kuliko wote ni ule wa kutuma pesa, kwa sababu kila Ijumaa ulisema neno moja: umetuma kwa HUSNA SADALLA. Husna Sadalla ni mimi. Nikishausoma nairudisha simu palepale, uso chini kama nilivyoikuta, naenda kupakua chakula roho yangu nyeupe.

Miaka minne nililala usingizi mzuri kwa ajili ya ujumbe ule.

Kazi yangu ni kuuza madera kwenye korido ya jengo moja mtaa wa Narung'ombe. Korido si fremu, si chumba cha duka chenye mlango wake. Kwenye korido unatundika mali ukutani asubuhi, unaiteremsha jioni, wateja wanapita ubavu ubavu, na mwenye jengo akiamua kupaka rangi wewe unahama. Mwaka jana Mzee Isidori, mwenye fremu ya mbele anayeuza mabegi ya safari, aliamua kufunga na kurudi kwao Rombo moja kwa moja. Aliniambia mimi kwanza kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa chai yake ya tangawizi ya saa nne nimekuwa nikimnunulia miaka mingi. Kilemba chake, yaani ile pesa ya kumpisha mtu ili uingie wewe, kilikuwa milioni kumi na mbili, na alisema atanisubiri mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angempa Benedict wa viatu, ambaye alikuwa akipita mbele ya ile fremu kila siku akiipima kwa macho. Nilikuwa na milioni tano. Saba zilizobaki nikaenda kuziomba benki.

Ofisa wa mikopo aliitwa Ansbert, kijana mpole mwenye tai, akanipa shikamoo na kiti. Alipiga piga kompyuta yake, akasema anafungua taarifa zangu kutoka kampuni inayotunza kumbukumbu za wakopaji wote, ili aone kama mimi ni mtu wa kuaminika. Nilijua hatakuta kitu, sijawahi kukopa. Akatabasamu.

"Mama, ningepata wateja kumi kama wewe ningelala," akasema. "Mikopo ya simu arobaini na moja, na yote umerudisha kabla ya siku yake."

Nitasema kweli. Kabla sijashangaa, nilifurahi. Nilijiweka sawa kwenye kiti, nikavuta mtandio wangu vizuri, kama mtu aliyesifiwa mbele za watu kwa pilau aliyopika jirani. Halafu ndipo akili ikanirudia. Mikopo ya simu mimi naiogopa. Hata salio la kukopa sijawahi kuchukua.

Nikamwomba anigeuzie kioo. Majina yalikuwa yangu, tarehe ya kuzaliwa yangu, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, yangu. Namba ya simu iliyokopea ndiyo haikuwa yangu. Iliishia na 417.

Ansbert akashusha sauti. Akaniambia kuna mtu anatumia jina langu, na akanipangia la kufanya: nikague laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, ile nisiyoitambua niishughulikie kwa kampuni ya simu, nitoe taarifa polisi, niape kiapo kwa wakili, kisha niandike barua kwa kampuni ya kumbukumbu kuikataa ile mikopo. Wakishapokea barua, ombi langu la benki linasimama mpaka wajibu, na kujibu huenda kukachukua mwezi au zaidi. Wakiifuta, nitakuwa sina deni baya wala jema. Benki haitanijua. Ila nikinyamaza, akasema huku anatazama mlango, kwa rekodi hii Jumatano nina pesa mkononi. Lakini huyo mtu akikopa kesho akakimbia, atakayetafutwa ni mimi.

"Wengi wanaokuja hapa wamechafuliwa," akasema. "Wewe umesafishwa. Sijui nikushauri nini, mama."

Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi za benki, nikabonyeza nyota, moja sifuri sita, reli. Ukibonyeza hivyo na kuingiza namba yako ya NIDA, wanakuletea laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Zangu zikaja tatu. Ya kwanza ilikuwa hii yangu, ya pili niliyomsajilia mama yangu wa Tanga, na ya tatu ile ya 417.

Hapo ndipo nikakumbuka kidole. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2020, wakati ule laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zinakaribia kufungwa na Kariakoo nzima imepanga foleni kwenye miamvuli ya mawakala. Wengi walikuwa hawajapata namba za NIDA, kwa hiyo mtu mmoja alisajilia ukoo mzima na hakuna aliyeona ajabu. Awadhi alinisindikiza mtaa wa Msimbazi. Yangu ilipokwisha, akaniomba niweke kidole tena kwa ajili ya Nassibu, kibarua wake wa bandarini, maana Awadhi hufanya kazi ya kutoa mizigo na vibarua wake lazima wapatikane kwa simu. Nikaweka. Wakala akasema hakijasoma, nikifute kwanza. Nikakifuta kwenye dera, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote.

Nilimpigia Nassibu palepale kwenye ngazi, nikamuuliza kwa upole namba ya NIDA aliipata lini. Akasema anayo tangu mwaka 2019, na je, bosi ameipoteza?

Jioni Awadhi alipotoka kwenda kuswali sikusubiri hata mlango ufungike. Nikafungua ujumbe uleule niliokuwa naupenda, na kwa mara ya kwanza nikaacha jina, nikasoma namba. Ijumaa iliyopita, 417. Ijumaa ya kabla yake, 417. Zangu zilikuwemo, za mboga, za gesi, za luku ya umeme, zimechanganyika katikati kwa jina lilelile, na sikuwahi kuona tofauti kwa kuwa nilikuwa natafuta jina la mwanamke mwingine. Jina la mwanamke mwingine halikuwepo. Alikuwa amenifichia mwanamke ndani ya jina langu mwenyewe.

Nilimpakulia wali, nikakaa kumtazama anavyotafuna, nikawaza huyo wa Ijumaa anampikia nini.

Asubuhi nikapiga 417. Akapokea mwanamke, sauti laini ya mtu aliyezoea wateja, akasema sare za shule, karibu. Nikasema natafuta soksi nyeupe. Akaniambia nije mtaa wa Mchikichi, jengo lenye vioo vya bluu, niulize kwa Husna wa sare. "Yeyote atakuonyesha," akasema.

Mimi nimezaliwa Gerezani. Nimekaa kwenye korido ile miaka tisa, na ukiuliza kwa Husna wa madera utazungushwa mpaka sokoni na kurudi. Huyu nilimuuliza msukuma mkokoteni wa kwanza niliyekutana naye, akanionyesha kwa kidevu bila hata kusimama.

Njiani nilikuwa nimeshamchora. Nilimchora binti wa miaka ishirini na tano, kope za bandia, kucha ndefu, nikamwandalia na maneno yake. Niliyemkuta ni mtu wa makamo yangu, mwembamba, miwani ya kusomea imemteremka puani, futi imening'inia shingoni, anapima mabega ya mtoto wa mtu huku anataja bei kwa mwingine. Hakuwa mzuri kunizidi. Hilo lilipaswa kunipoza, na badala yake likaniumiza zaidi, kwa sababu mwanaume hawezi kusema macho yalimponza.

Kisha nikatazama pembeni, nikaona kilichonimaliza. Ilikuwa fremu. Fremu kamili, yenye mlango wa kushusha, feni, rafu mpaka darini, na risiti zimetobolewa kwenye msumari. Wivu wa mume ninaujua, nimekua nao. Ule wa siku ile ulikuwa mwingine. Nilisimama pale nikiionea wivu sakafu ya marumaru. Kumbe Husna Sadalla tayari alikuwa na fremu Kariakoo, ila si mimi.

Mteja aliyekuwa mbele yangu akalipa kwa simu, akauliza jina linalokuja ni Husna Sadalla, ndiyo yeye? "Ndiyo mwenyewe," yule mwanamke akajibu, bila kuinua kichwa.

Nikachagua soksi jozi moja. Nikaingiza namba yake kwenye simu yangu, na simu ikaniuliza kama nina uhakika nataka kutuma elfu tatu kwa HUSNA SADALLA. Nikaweka namba ya siri, nikatuma.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, maana ujumbe ulikuwa unamwambia kwamba Husna Sadalla amepokea pesa kutoka kwa Husna Sadalla. Akainua uso polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, aogope, akane, akimbie. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Wifi?" akasema.

Na kabla sijajibu alishazunguka meza, amenikumbatia, ananukia chaki ya ushonaji, ananiuliza nimerudi lini kutoka Unguja na kwa nini Awadhi hakumwambia kwamba nakuja.

Nikaitoa mikono yake mwilini mwangu, mmoja baada ya mwingine. "Mimi si wifi yako," nikasema. "Mimi ni mke wake. Mwaka wa kumi na sita huu."

Akakaa juu ya furushi la sketi. Hakulia. Aliwaambia wateja wawili waliokuwa mlangoni warudi baadaye, akashusha mlango nusu, na akaniambia yote kwa sauti ya chini, macho yake kwenye soksi zangu. Jina lake Severa, kwao Rombo. Alikutana na Awadhi alipokwenda bandarini kufuatilia marobota ya vitambaa, naye akamwambia mkewe alishafariki. Wakati wa kusajili laini Severa hakuwa na namba ya NIDA, na Awadhi akasema dada yake anayeishi Unguja, Husna, amekubali kuweka kidole kwa niaba yake. Baadaye alipoipata yake, kila alipotaka laini ihamie jina lake, Awadhi alisema wifi hajavuka, wifi anaumwa, wifi atakuja baada ya mfungo. Huku nyuma wateja walishazoea kumwita jina walilokuwa wanaliona wakilipa, naye akaacha waite.

Nilimuuliza mikopo je. Hapo ndipo alipoinua macho, na nikaona ameumia kuulizwa.

"Nilikopa, ndiyo, mtaji wa sare ni wa msimu. Lakini sijachelewesha hata siku moja. Nilijua jina ni la mtu. Kuna siku nimelala na chai kavu ili deni lisilale. Nilisema wifi wa watu kaniamini bila kuniona, nisimharibie jina lake."

Akaendelea, kana kwamba anataka kunipa ushahidi. Akauliza kama udi nilikuwa naupata. Nikauliza udi gani. "Ule wa Idi," akasema. "Kila Idi nanunua kopo zuri pale mtaa wa Livingstone, nampa Awadhi akupelekee. Shukrani ya kidole."

Udi ule. Kila Idi kwa miaka minne Awadhi aliniwekea mezani kopo la udi bila kusema limetoka wapi, na mimi nilitamba nalo korido nzima kwa wiki. Niliwaambia wenzangu wenye waume wakavu kwamba wangu hasemi sana lakini vitendo anavyo. Niliuchoma kidogo kidogo, Ijumaa kwa Ijumaa, ili usiishe mapema. Nilihisi moshi wake kooni palepale dukani. Hata kile kidogo nilichokuwa najivunia kwa mume wangu nilikuwa nimepewa na huyu.

Chini ya meza kitu kikajigeuza. Alikuwa mtoto wa kike amelala kwenye kitenge, umri wa miaka mitatu hivi, na masikio yake yamechomoza kama ya Awadhi. Severa akasema anaitwa Vicky. Mimi na Awadhi hatukujaliwa, tumehangaika hospitali mpaka tukachoka. Niliyatazama yale masikio nikachukia, mtoto wa watu hajanikosea kitu, na nikachukia. Nasema nilivyokuwa.

Nikamwambia Severa kesho naifunga ile laini. Akaniomba nisiifunge, maana wateja wote wa msimu wako kwenye namba ile. Akasema sasa NIDA anayo, twende wote tuihamishie jina lake, vidole viwili, dakika kumi. Na nilipomtajia fremu ya Mzee Isidori, kwa kumkomoa tu, ajue ameniharibia nini, akafikiri kidogo akasema kitu ambacho sitamsamehe mpaka leo, kwa sababu kilikuwa cha wema. Akasema ile mikopo iliyolipwa nisiikatae. Laini iende kwake, lakini rekodi ibaki kwangu, nichukue mkopo wangu benki, nipate fremu. Yeye ataanza upya. "Angalau dada upate kitu kwa haya yote," akasema.

Kwa hiyo hata fremu yangu anipe yeye.

Nilitoka pale bila kuaga, nikasahau soksi, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo, mvumilivu. Akauliza nimeibiwa nini, nikasema jina. Akauliza mwizi amelifanyia nini hilo jina. Nikasema amekopea. Amekimbia na deni? Hapana, amelipa. Yote? Yote, kabla ya siku. Askari akaweka kalamu chini, akasema kwa heshima kwamba bado ni kosa, na kama namjua nimtaje, watamfuata sasa hivi. Nilifungua mdomo nimtaje. Nilimwona kabisa anavyoshushwa kwenye gari mbele ya wateja wake, na sitaki kudanganya, nilipenda nilichokiona. Ila kwenye picha ileile kulikuwa na kitenge chini ya meza, na sikupata wa kumpa yule mtoto. Nikasema nitarudi. Askari akasema karibu.

Awadhi nilimkabili usiku uleule, na hapa sina mengi, kwa kuwa naye hakuwa na mengi. Alikana kwa dakika mbili, nikamsomea namba kwa sauti. Kisha akasema alitaka amani, na kwamba hakuna aliyekosa chakula kati yetu. Nilimwambia mambo matatu. Atalala sebuleni. Mtoto ni wake, atamtunza. Na pesa ya mtoto asiipitishe tena kwa jina langu: atume kwa jina la mama yake, kwa herufi zake, nione. Alikubali yote upesi mno.

Jumanne mimi na Severa tulikutana kwa kampuni ya simu, tukakaa viti viwili jirani bila kusalimiana. Mhudumu akaniita niweke kidole kuthibitisha kwamba natoa laini. Akasema hakijasoma, niweke tena. Nikamwambia ageuze mashine kwanza nione imeandika nini na ni kwa laini ipi. Aligeuza, nikasoma mpaka mwisho, ndipo nikaweka. Severa akaweka cha kwake. Tulipotoka nje alitaka kusema kitu, nikavuka barabara.

Ikabaki barua. Ansbert alinipigia siku ileile kuniuliza nimeamua nini, maana ombi langu lilikuwa mezani na bosi wake ameshalipenda. Siku tatu zilikuwa zimebaki kufika Ijumaa ya Mzee Isidori. Nilikwenda nikasimama mbele ya ile fremu. Nilijiona ndani yake, madera yamepangwa kwa rangi, kiti changu, feni yangu. Halafu nikajiona nainua mlango asubuhi, na kila asubuhi nikijua kilichouinua ni chai kavu ya Severa. Watu wangu wa karibu waliposikia walinipa sifa nisizostahili, eti mwaminifu, eti mcha Mungu. Uaminifu ulikuwepo, sikatai, na uoga wa mikopo yenye jina langu nisiyoijua nao ulikuwepo. Lakini kilichoshika kalamu ni wivu. Sikutaka kitu chochote cha mwanamke yule mwilini mwangu, kibaya wala kizuri. Nikaapa kwa wakili kwamba mikopo arobaini na moja si yangu, nikaandika barua, nikaambatanisha fomu ya laini, nikapeleka mwenyewe kwa mkono na kudai nakala yenye muhuri.

Ijumaa Mzee Isidori alinisubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Akanishika bega, akasema, "Binti yangu, ningeweza ningekusubiri," akampa Benedict funguo. Jumamosi nilikuwa natundika madera yangu ukutani huku viatu vinaingizwa, boksi kwa boksi, na kila boksi likipita lilikuwa linaligusa dera la mwisho kwenye mstari wangu. Nililia kwenye korido mchana kweupe. Sikujificha.

Wiki sita baadaye Ansbert akaniita. Aligeuza kioo mwenyewe bila kuombwa. Majina yangu, tarehe yangu, namba ya NIDA yangu, na chini yake, palipokuwa na orodha ndefu, maneno mawili: hakuna taarifa. Akaniambia sasa jina ni safi na ni langu, nianze kidogo kidogo, nikope kidogo nirudishe kwa wakati, na baada ya mwaka au miwili turudi kwenye milioni saba. Jioni ile nilikopa elfu ishirini kwenye simu, ya kwanza maishani mwangu, nikairudisha kesho yake asubuhi kabla ya kufungua kazi. Tarehe moja ya kila mwezi nabonyeza moja sifuri sita kuhesabu laini zangu. Ziko mbili. Na kidole changu hakimsajilii mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Simu ya Awadhi bado naipekua. Wivu haukwenda na laini. Ijumaa ya kwanza baada ya masharti niliyomwekea, alikwenda magharibi akaiacha mezani, nikaifungua. Umetuma kwa SEVERA KAVISHE. Herufi kubwa, kama nilivyoagiza. Nikakaa nayo mkononi. Miaka minne nilikuwa nafungua simu hii nakuta jina langu, na sasa nimelisafisha jina langu mpaka limeondoka. Nikapandisha juu nikilitafuta. Lilikuja baada ya mistari mingi: HUSNA SADALLA, ya mboga, elfu tano.

Idi ikafika. Nilifagia, nikatandika, nikapika, nikavaa dera jipya nililojishonea mwenyewe. Kile chetezo nilikiosha nikakiweka mahali pake kwa mazoea, kikakaa kitupu. Awadhi akarudi kuswali, akanipa mkono wa Idi, akavua kofia. Akasimama katikati ya sebule, akanusa mara mbili, akauliza mbona mwaka huu nyumba hainukii.

Nikamwambia mwaka huu wifi hakuleta.